Koti la Kupandia Hupimwa Mtu Akiwa Ameketi

Koti la kupandia ni vazi la juu linalokatwa kwa ajili ya mtu anayesafiri akiwa amekalia mgongo wa mnyama au kiti cha chombo cha magurudumu mawili, na ukoo wake unarudi kwenye mawindo na mashindano ya farasi ya Ulaya, ambako mafundi walijifunza mapema kwamba mpandaji na mtembea kwa miguu hawawezi kushonewa nguo moja. Katika vilabu vya farasi vya Nairobi, Kinshasa na Lubumbashi koti hilo bado huvaliwa kwa utaratibu wa zamani, yaani sufu ya rangi ya kiza, shati jeupe, na vifungo vichache vinavyokaza kiuno. Bukavu, katika Kivu Kusini nchini Kongo, si mji wa farasi. Tauni ya farasi, ambayo ni maradhi ya virusi yanayoenezwa na visubi, pamoja na nagana, yaani malale ya wanyama yanayoletwa na mbung'o katika mabonde ya joto, zimeifanya sehemu kubwa ya Kongo kuwa nchi ngumu kwa mnyama huyo, na kazi ambayo kwingineko aliifanya yeye, katika milima ya Kivu Kusini inafanywa na pikipiki. Kwa hiyo mkazi wa Bukavu, awe wa Ibanda, Kadutu au Bagira, anayeuliza achague koti gani la kupandia huwa anauliza habari ya pikipiki, awe ni motari, yaani dereva wa pikipiki ya kubeba abiria, au awe ni mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara anayekwenda kazini kwa pikipiki yake mwenyewe. Jibu la swali lake, hata hivyo, linaanzia palepale walipoanzia mafundi wa makoti ya farasi.

Mafundi hao walitambua kwamba mwili ulioketi na kunyoosha mikono mbele una vipimo tofauti na vya mwili uliosimama. Mikono inapoelekea hatamu au usukani, kitambaa cha mgongoni huvutwa kwa upana, mikono ya koti hurudi nyuma na kukiacha wazi kifundo cha mkono, pindo la nyuma hupanda juu ya mkanda wa suruali, na kola husukumwa hadi kugusa kisogo. Koti la farasi linayajibu matatizo hayo moja baada ya jingine: mikono yake hukatwa mirefu kuliko ya koti la ofisini, makwapa yake huwekwa juu, karibu na mwili, ili mkono uinuke bila kulivuta koti zima, nyuma huwekwa mpasuko mmoja mrefu au miwili, ili pindo liangukie pande zote mbili za tandiko badala ya kujikunja, na katika koti la sufu nzito la mashambani, mifuko ya pembeni hukatwa kwa mshazari ili mpandaji aingize mkono bila kuinuka. Mpasuko unaoonekana leo katika suti nyingi zinazovaliwa harusini Bukavu ni mabaki ya tandiko, ingawa wengi wa wanaozivaa hawajawahi kumkaribia farasi. Koti la pikipiki lililotengenezwa na watu wanaoijua kazi yao limerithi mambo hayo kwa sura nyingine, kwa maana mikono yake hutoka kiwandani ikiwa imepinda kidogo kwenye viwiko, mgongo wake ni mrefu kuliko kifua, na nyuma ya mabega huwekwa mikunjo inayofunguka mpandaji anapojinyoosha kwenda mbele.

Ndiyo maana koti linalompendeza mtu mbele ya kioo laweza kumsumbua siku ileile akiwa njiani kutoka Nyawera kwenda Panzi. Mnunuzi anayefika sokoni Kadutu au kwenye duka lolote la mjini na amwombe muuzaji nafasi ya kulijaribu koti akiwa ameketi, ikiwezekana juu ya pikipiki iliyoegeshwa, na pasipokuwa na pikipiki, juu ya kigoda, akiwa ameivaa sweta anayoitumia asubuhi na akiwa amefunga zipu hadi juu. Katika hali hiyo anyooshe mikono kama anayeshika usukani, kisha aangalie mambo yanayojionyesha yenyewe: kama mkono wa koti bado unafunika kifundo na kubakiza sentimita mbili au tatu za kuingia ndani ya glavu, kama kitambaa cha mgongoni kinabana hadi pumzi inakuwa fupi, kama figo zimefunikwa au upepo unaingia kiunoni, kama kinga ya kiwiko, yaani kile kipande cha sponji ngumu kinachowekwa ndani ya mkono, imekaa juu ya mfupa wa kiwiko au imeteleza hadi kwenye nyama ya mkono, mahali ambapo haina kazi yoyote. Baadaye avae kaske, kama kofia ngumu inavyoitwa Bukavu, na ageuze shingo kulia na kushoto, kwa sababu kola ndefu inayogongana na ukingo wa kaske humfanya mtu aache kutazama nyuma anapotaka kukata kona, na huo ni upungufu mkubwa kuliko baridi ya shingoni. Muuzaji anayekataa jaribio hilo hapaswi kulaumiwa sana, kwani bidhaa ni yake, lakini fedha vilevile ni za mnunuzi, na meza za makoti hazipungui.

Upana wa koti unahitaji kupimwa kwa uangalifu zaidi kuliko urefu wake. Kwa mazoea, watu wengi hununua koti kubwa ili liweze kuvaliwa juu ya nguo nyingi au lirithiwe na ndugu, na kwa nguo ya kawaida mazoea hayo ni ya busara, ila katika koti la kupandia upana wa ziada ni kasoro, kwa sababu kitambaa kilicholegea hupepea, humchosha mpandaji, na siku ya ajali huzunguka mwilini na kuziondoa kinga mahali pake. Kipimo rahisi ni kushika mkono wa koti karibu na kiwiko na kujaribu kuuzungusha. Ukizunguka hadi kinga ikahamia upande wa pili, koti hilo ni kubwa, hata kama mabega yanaonekana sawa.

Ili kulielewa zaidi jambo la kinga na kitambaa, yafaa kutenganisha madhara mawili yanayompata mtu anayeanguka. La kwanza ni kugonga, yaani pigo la bega, kiwiko au nyonga dhidi ya ardhi, na nguvu ya pigo hilo hutegemea zaidi kimo ambacho mwili umeangukia kuliko mwendo wa pikipiki, ndiyo sababu hata motari aliyeanguka akiwa karibu kusimama huvunjika mfupa wa bega. La pili ni kuburuzwa, na hapa mwendo ndio unaotawala: mwili unaoteleza juu ya lami kavu kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa husimama baada ya mita 10 hivi, na mwendo ukifika kilomita 60 umbali huo huzidi mita 20, kwa kuwa umbali wa kuteleza hukua kwa mraba wa mwendo. Kugonga hujibiwa na kinga za sponji. Kuburuzwa hujibiwa na kitambaa na mishono. Koti lenye kinga nzuri ndani ya kitambaa chepesi hupasuka na kuzimwaga kinga hizo barabarani, na koti la kitambaa kigumu lisilo na kinga huilinda ngozi huku likiuacha mfupa uvunjike.

Kuhusu kitambaa, ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 1.2 hadi 1.4 bado inashika nafasi ya juu, na katika majaribio ya maabara, ambamo kipande cha kitambaa hukandamizwa juu ya mkanda wa msasa unaokimbia, ngozi ya unene huo hustahimili sekunde kadhaa, hali denimu ya suruali ya kawaida hutoboka kabla ya sekunde moja kwisha. Baada ya ngozi hufuata nailoni nzito na poliesta nzito, ambazo uzito wa nyuzi zake hutajwa kwa denia, kipimo kinachoonyesha gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Poliesta ya denia 600 ni ya kawaida katika makoti ya pikipiki ya bei ya chini, na nailoni ya denia 500 au zaidi ni bora kuliko hiyo. Aramidi, nyuzi za manjano ambazo Stephanie Kwolek alizigundua mwaka 1965 katika maabara za kampuni ya DuPont na ambazo zinajulikana zaidi kwa jina la Kevlar, hutumika kama bitana ya ndani katika sehemu za viwiko na mabega. Pamba nyepesi, sufu ya suti na nailoni laini ya makoti ya mvua hazina msaada wowote dhidi ya lami, na nailoni laini huongeza dhara kwa sababu huyeyuka kwa joto la msuguano na kushikamana na jeraha.

Hapa pana makoti mawili yanayopendwa sana Bukavu ambayo hayastahili sifa yanayopewa. La kwanza ni koti jeusi la ngozi la mitindo, lenye zipu nyingi na kiuno kifupi, ambalo huvaliwa na vijana kwa kudhani kwamba kila ngozi ni ngozi ya pikipiki. Ngozi ya koti hilo mara nyingi haifiki milimita moja, pengine ni ya kondoo, laini kama ya glavu za harusi, na pengine si ngozi kabisa bali ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, ambayo baada ya misimu michache ya mvua na jua huanza kubanduka magamba mabegani. Ngozi ya kweli hutambulika kwenye ukingo usiopindwa, kwa mfano ndani ya mfuko au chini ya kola, ambako nyuzi zake huonekana kama manyoya mafupi yaliyosongamana, wakati ngozi bandia huonyesha wavu wa kitambaa. Tena tone la maji likiachwa juu ya ngozi isiyopakwa rangi nzito hunywewa taratibu na kuacha doa la kiza. La pili ni koti nene la baridi lililojazwa pamba ya viwandani, ambalo mamotari wengi hulivaa tangu alfajiri. Koti hilo lina joto, na joto si jambo dogo katika mji ulio juu ya ziwa ambalo uso wake uko takriban mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, lakini gamba lake la nje ni nailoni ileile laini inayoyeyuka. Asiyeweza kuliacha na alivae ndani, kisha juu yake avae koti la kitambaa kizito, hata kama ni la kazi za ujenzi, ili mpangilio wa tabaka uwe sahihi: joto ndani, ugumu nje.

Makoti ya pikipiki ya kweli hufika Bukavu zaidi ndani ya mabalo, yaani marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa, ambayo hukusanywa Ulaya, Marekani na Asia, na mnunuzi wa hapa ana nafasi kubwa kuliko jirani yake wa Kamembe, ng'ambo ya Ruzizi, kwa sababu mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Kwa kuwa mabalo mengi hutoka nchi za baridi, makoti mazito si haba, na baadhi yake yalinunuliwa mara ya kwanza kwa zaidi ya yuro 100. Pia linaweza kutokea koti halisi la farasi, linalotambulika kwa mpasuko unaopanda karibu hadi kiunoni, kiuno kilichobanwa na mikono mirefu; hilo ni mgeni wa heshima katika balo, litamfaa mtu kwa harusi au kwa ibada, naye atalifaidi zaidi kila anapoketi, lakini kwa pikipiki halina kinga wala kitambaa cha kustahimili kuburuzwa.

Katika kulichunguza koti la balo, lebo ya ndani ndiyo hati ya kwanza ya kusomwa. Kanuni ya Ulaya iitwayo EN 17092, iliyoanza kutumika mwaka 2020, hugawa mavazi ya pikipiki katika madaraja: AAA kwa mwendo mkubwa, AA na A kwa matumizi ya kila siku, B ambalo ni sawa na A isipokuwa halina kinga za pigo, na C ambalo ni vazi la kushikilia kinga tu. Katika daraja A, kitambaa cha mabegani na viwikoni hujaribiwa kama kilichoangushwa kwa kilomita 45 kwa saa, katika AA kwa kilomita 70, na katika AAA kwa kilomita 120. Kwa barabara za Bukavu, ambazo mashimo na miteremko yake humpangia dereva mwendo kabla polisi hajaupanga, A inatosha na AA ni ziada njema, wakati AAA mara nyingi ni zito na la joto kiasi kwamba mwenyewe ataliacha nyumbani. Kinga zenyewe hubeba alama zao, EN 1621-1 kwa mabega na viwiko, EN 1621-2 kwa mgongo, pamoja na namba 1 au 2 ndani ya alama ya mpanda pikipiki. Kwa bega na kiwiko, kinga ya kiwango cha 1 inapopigwa kwenye maabara haipaswi kupitisha wastani wa nguvu unaozidi kilonyutoni 35, na ya kiwango cha 2 kilonyutoni 20, kwa hiyo namba kubwa ndiyo bora. Sponji nyeusi isiyo na maandishi yoyote, ambayo hujaa katika makoti ya kuiga, haina ahadi yoyote nyuma yake. Makoti mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 2020 hayatakuwa na daraja, na hilo peke yake si sababu ya kuyakataa kama kitambaa, mishono na kinga zake ni nzuri.

Baada ya lebo, mkono ndio unaofanya kazi. Mnunuzi avute pande mbili za mshono wa bega na wa mgongoni na kutazama kama nyuzi zinaonekana na kama kuna mwanga unaopenya, kwa maana mshono ndio sehemu ya kwanza kufunguka, na unaotakiwa ni ule ulioshonwa mara mbili au tatu na kukunjwa kama mshono wa pembeni wa suruali ya jinzi. Zipu ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, kwani kulipachika koti zito zipu mpya kwaweza kugharimu karibu na bei ya koti lenyewe sokoni. Kinga zitolewe mifukoni mwake na zikunjwe: sponji iliyozeeka hupasuka vipande au hubaki na alama ya kidole bila kurudi. Mwisho, koti lipinduliwe na kunuswa, kwa sababu ngozi iliyooza kwa ukungu haiponi kwa mafuta wala kwa jua. Uangalifu huo si wa kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliowahusisha wapanda pikipiki 212 waliopata ajali katika eneo la Canberra, Australia, ulionyesha kwamba waliovaa koti la pikipiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kulazwa hospitalini kwa takriban asilimia 21, lakini ulionyesha pia kwamba karibu theluthi moja ya makoti hayo yalipasuka, kufunguka au kutoboka siku yalipohitajiwa.

Yote hayo yanasemwa kwa sharti kwamba kaske imekwisha kununuliwa. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyofanywa na shirika la Cochrane yalikadiria kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69, na hakuna koti linalokaribia hapo, hivyo mwenye fedha ya kitu kimoja hana haja ya kuendelea kusoma habari za denia. Mwenye fedha ya vitu viwili anunue kaske na glavu, kwa kuwa anayeanguka hutanguliza viganja, na koti liwe la tatu.

Kuonekana ni sura nyingine ya usalama, na katika mji ambao umeme hukatika na mitaa ikabaki giza, mwangaza wa koti hufanya kazi ambayo taa za barabarani haziifanyi. Watafiti wa Auckland, New Zealand, walichapisha mwaka 2004 matokeo yaliyoonyesha kwamba wapanda pikipiki waliovaa nguo za kung'aa au za kurudisha mwanga walikuwa na hatari ndogo ya kujeruhiwa kwa asilimia 37, na waliovaa kofia nyeupe, wakilinganishwa na wenye kofia nyeusi, kwa asilimia 24. Rangi za kung'aa, kama manjano ya kijani au rangi ya chungwa kali, huugeuza mwanga wa jua usioonekana kuwa mwanga unaoonekana, kwa hiyo nguvu yake ni ya mchana na ya jioni yenye mawingu, na huisha polepole kwa jua na sabuni. Mistari ya fedha hurudisha mwanga wa taa ya gari kule ulikotoka, kwa hiyo ni ya usiku pekee. Gile ya motari, ile fulana isiyo na mikono, yenye namba yake, inayovaliwa juu ya koti, hutimiza kazi hiyo endapo ni safi na endapo iko nje ya kila kitu. Motari anayevaa koti la mvua juu ya gile amezifunika namba na mwanga wake kwa pamoja, tena katika saa ile ambayo madereva hawaoni vizuri. Kuhusu rangi, ipo moja ya kuepukwa bila mjadala, nayo ni ya madoa ya kijeshi, hata kama koti ni zuri na bei ni nafuu, kwa kuwa raia anayepita kizuizi cha barabarani kwa mavazi ya namna hiyo hujitafutia maswali ambayo hayana haja.

Mvua huko Bukavu hunyesha kwa muda mrefu wa mwaka, tangu mwezi wa tisa hadi wa tano, na miezi ya kiangazi huleta vumbi jekundu, hivyo koti linapaswa kuhimili vyote viwili. Makoti yenye utando wa ndani unaozuia maji na kupitisha mvuke wa jasho ni mazuri yanapokuwa mapya, lakini utando wa koti la balo mara nyingi umekwisha kutoboka kwenye mikunjo, na ni vigumu kuugundua bila kumimina maji. Njia ya uhakika zaidi ni kununua koti gumu lisilo na ahadi ya mvua, na kubeba koti jepesi la plastiki la kuvaliwa juu yake, lenye mistari ya fedha na lenye mikanda ya kulibana mikononi na kiunoni. Anayesafiri nje ya mji ana hesabu nyingine: barabara ya Bunyakiri hupanda zaidi ya mita 2,000 inapopita katika hifadhi ya Kahuzi-Biega, na ile ya Uvira, baada ya Nyangezi, hushuka Ngomo hadi bonde la Ruzizi lenye joto, kwa hiyo safari moja huweza kumtetemesha mtu na kumtoa jasho kabla ya mchana. Safari kama hizo zinadai koti lenye matundu ya upepo yanayofungwa kwa zipu kifuani na mgongoni, na bitana ya joto inayoweza kutolewa. Mtu aliyepikika ndani ya koti atalivua, na koti lililofungwa nyuma ya kiti halimlindi yeyote.

Fundi cherehani anaweza kulifanya koti la wastani kuwa jema, mradi aelezwe kazi kwa usahihi. Kazi zenye faida ni kushona mifuko ya ndani kwenye viwiko na mabega ili kinga zilizotolewa katika koti lililochakaa ziingizwe, kurefusha mgongo kwa kipande cha nailoni nzito au turubai, kufungua mpasuko wa nyuma na kuuwekea ulimi wa kuzuia upepo, na kushonea mistari ya kurudisha mwanga mgongoni na mikononi. Mahali pa kinga pawekwe alama kwa chaki mwenye koti akiwa ameketi na mikono ikiwa mbele, la sivyo kazi yote itakuwa ya mtu aliyesimama. Uzi uwe wa poliesta au nailoni, kwa sababu uzi wa pamba huoza kwa jasho na mvua, na kwenye ngozi fundi atumie sindano ya ngozi na mishono mirefu ya milimita 3.5 hadi 4, kwani mishono ya kubanana huitoboa ngozi kama stempu na kuifanya ipasuke kwenye mstari huohuo. Fundi asiombwe kukaza kiuno kwa ajili ya urembo.

Abiria husahauliwa katika mazungumzo haya, ingawa yeye ndiye anayeanguka bila kuwa na usukani wa kushika. Mama anayepanda pikipiki akiwa amevaa kikwembe, yaani kitenge, na hasa anayembeba mtoto mgongoni, hana koti la kupandia, na hakuna aliyelishona kwa ajili yake. Linalowezekana ni kuvaa koti la kitambaa kizito lisilo na mikanda inayoning'inia, na kukusanya pindo la kikwembe na la koti chini ya mapaja, mbali na spoki na mnyororo.

Kutunza koti si kazi kubwa. La kitambaa hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu baada ya kinga kutolewa, na la ngozi hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, hukaushwa kivulini likiwa limetundikwa kwenye henga pana, kisha hupakwa mafuta kidogo kabla halijakauka kabisa. Likianikwa karibu na mbabula, yaani jiko la makaa, ili lipate kuvaliwa asubuhi, ngozi hukakamaa, na ngozi iliyokakamaa hupasuka inapokunjwa. Koti lililokwisha kuanguka na mwenyewe lichunguzwe tena kama siku ya kulinunua, mshono kwa mshono, na kinga iliyopokea pigo kubwa ibadilishwe hata kama kwa macho inaonekana nzima, kwa kuwa baadhi ya sponji hizo hufanya kazi kwa kupondeka ndani. Kinga hiyo ya zamani ikatwe vipande kabla ya kutupwa, isije ikaokotwa na kuuzwa tena mezani.